Leo Mwezi Ngapi? Jibu kwa Mvuvi wa Jumamosi

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa bara, nimehamia Mombasa kikazi mwaka juzi, naishi Mikindani. Kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa nishafika gatini, upande wa Mji wa Kale. Nina fimbo ya kuvulia na rili nzuri tu, na chambo changu ni kamba wa friza. Kwa miezi mitatu nimepata tafi watano, bunju kadhaa na hongwe mmoja aliyenichoma kidole, na ndoana nilizopoteza zimepita thelathini. Kuna mzee mmoja ambaye nikifika humkuta akikunja mshipi wake kwenye chupa ya soda, ndoo imejaa. Tena Jumamosi nyingine simwoni kabisa. Nibadilishe chambo, nibadilishe vifaa au nihame gati? Halafu mke wangu analalamika kwamba wale tafi walinuka majani walipopikwa. Kwa nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mtu akiniandikia maneno mengi hivi, huwa natafuta lile moja ambalo mwenyewe amelipita mbio. Kwako ni hili: ukifika, mzee anakunja mshipi, na kuna Jumamosi haji. Jibu lako limo humo. Chupa ya soda haina uganga wowote. Yule mzee akiamka huuliza leo mwezi ngapi, na wewe ukiamka wauliza leo siku gani.

Hapa nikueleze kidogo, maana mtu wa bara huweza kuchanganyikiwa. Pwani tukiulizana "leo mwezi ngapi?" hatutaji Januari wala Februari. Twauliza mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Ukimsikia mzee akisema "leo mwezi sita," usidhani amekosea akafikiri ni Juni. Anasema ni siku ya sita ya mwezi mwandamo, na kwa mvuvi hilo ni sawa na kutaja saa. Akishajua mwezi ngapi, ajua maji yatajaa saa ngapi, yatakwenda kwa nguvu gani, na kama inafaa kuacha kitanda au kuendelea kulala.

Maji ya hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, huchelewa pungufu ya hapo, na siku za mafu, yaani maji madogo, huweza kupita saa nzima. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukipevuka, kwa kuwa jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Kilele chake huwa siku moja au mbili baadaye. Maji hupanda sana na hushuka sana, na tofauti ya juu na chini hapa kwetu hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua lavuta huku na mwezi wavuta kule, ndiyo maji mafu, na tofauti haifiki hata mita moja na nusu.

Hayo utayasoma popote. Hili linalofuata ndilo ambalo watu wengi wamezaliwa hapa na hawajalitia maanani: saa za bamvua la Mombasa hazihami. Kila bamvua, mwaka mzima, maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri, na hupwa kabisa saa nne au saa tano ya mchana. Ndiyo maana wachokoa pweza huwaoni kwenye mwamba saa kumi na mbili asubuhi. Huteremka jua likishapanda. Na maji mafu nayo yana saa zao: huwa chini alfajiri, hupanda polepole, hujaa karibu na adhuhuri.

Sasa jiweke wewe hapo. Jumamosi ya bamvua, saa kumi na mbili na nusu wafika na fimbo yako, na maji yashaanza kutoka. Saa mbili yanakwenda mbio hata chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, halikai chini. Saa tatu nguzo za gati ziko nje na chaza wake, nawe wavua matope. Mzee alifika saa nane za usiku, akavua maji yanayojaa mpaka yaliposimama, akaanza kukunja. Wewe ulimkuta akimaliza kazi ya usiku, ukadhani ndiyo kwanza kunakucha. Jumamosi inayofuata ni ya mafu, maji yanapanda kwa uvivu kama mtu aliyeshiba biriani, hayasukumi kitu. Mzee yuko kwake amelala.

Na hesabu ya Jumamosi ni mtego wenyewe. Wiki moja ni karibu robo ya mwezi. Kwa hiyo Jumamosi hii ikiwa ya bamvua, ijayo ni ya mafu, ya tatu bamvua tena, ya nne mafu tena. Chukua mfano Jumamosi ya kwanza iwe mwezi tatu. Zinazofuata zitakuwa mwezi kumi, kumi na saba, ishirini na nne. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, kwa hiyo mzunguko wa pili utaangukia mwezi mosi au pili, kisha nane au tisa, kisha kumi na tano au sita, kisha ishirini na mbili au tatu. Mzunguko wa tatu hurudi nyuma tena kidogo: ishirini na tisa au thelathini, kisha saba, kumi na nne, ishirini na moja. Miezi mitatu imekwisha na hujagusa hata asubuhi moja katika zile nitakazokutajia sasa hivi. Katika mfano huo, mzunguko wa nne ndio ungekupa Jumamosi ya mwezi tano au sita, nawe ungenunua chambo kipya wiki hiyo na kuapa mbele ya watu kwamba ni chambo.

Asubuhi ninazozitaka mimi kwa gati ya upande wa Mji wa Kale ni mwezi nne, tano na sita, na tena mwezi kumi na nane, kumi na tisa na ishirini. Siku hizo bamvua limepita lakini maji bado yana nguvu. Mwezi nne maji hujaa karibu na saa moja asubuhi, mwezi tano kati ya saa moja na nusu na saa mbili, mwezi sita kati ya saa mbili na saa tatu. Maana yake kunapokucha maji bado yanaingia, na saa mbili za mwisho za kujaa, zile tamu, zaangukia wakati samaki naye anaamka. Ukiwa na kazi ya ofisi, omba ruhusa ya asubuhi moja. Ukishindwa kabisa, basi Jumamosi ya bamvua usije asubuhi, njoo saa nane na nusu mchana. Maji yatajaa tena jioni kwenye saa kumi au kumi na moja, na utayavua yakiingia.

Kuhesabu mwezi kuna njia nyepesi. Kalenda za Kiislamu zinazotundikwa madukani huonyesha tarehe ya mwezi mwandamo chini ya ile ya kawaida. Ukitaka dakika kamili, Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la maji, na programu za simu zipo tele. Kumbuka tu kwamba jedwali huandika saa za kizungu. Palipoandikwa 0730 ni saa moja na nusu asubuhi. Nimewahi kumwona kijana amefika saa saba na nusu mchana, jua la utosi, akiuliza maji yamekwenda wapi.

Kwa nini maji yanayojaa? Maji yakipanda hufunika mawe na nguzo zilizokuwa kavu, na juu yake kuna kaa wadogo, chaza, mwani mbichi. Tafi hufuata mwani, changu hufuata kaa, na kolekole huwafuata simsim, wale samaki wadogo kama dagaa, wanaojificha kivulini mwa gati. Maji yakitoka, kila mmoja hurudi kwenye kina. Lakini nisiwe mtu wa kusema yanayotoka hayafai kitu. Mkono huu wa bahari wa Tudor una mikoko huko ndani, na maji yakianza kutoka hubeba kamba na vidagaa kutoka humo. Saa ya kwanza ya kutoka, kabla mkondo haujawa mkali, mzia na kolekole hukaa njiani wakisubiri. Ni saa moja tu, lakini ni ya maana.

Nikusimulie asubuhi moja ya mwezi tano, uone mambo yanavyokwenda. Nilifika adhana ya alfajiri ikimalizika, nikaswali msikiti wa karibu, nikateremka. Kitu cha kwanza si kutupa mshipi. Nilitazama nguzo. Chaza wa chini walikuwa wamefunikwa, wa juu bado, na kati yao ule mstari mweusi wenye unyevu. Mstari ukiwa mwembamba ujue maji yanapanda, ukiwa mpana yanashuka. Kisha nikatazama maji yanavyopita kwenye nguzo. Yakijaa huelekea daraja la Nyali, na nyuma ya kila nguzo, upande wa daraja, pana kiduara cha maji yaliyotulia. Humo ndimo samaki anamokaa, maana hakuna kiumbe apendaye kuogelea bure. Mimi nilianza kuvua hapo daraja likiwa bado lile la kuelea, kabla hili la sasa halijafunguliwa mwaka 1980, na viduara vile havijahama.

Nikalowesha kipande cha boflo, yaani mkate, nikakiminya kikawa kama uji mzito, nikadondosha kidogo kidogo mbele ya nguzo ili mkondo ukipeleke nyuma yake. Mshipi nikauteremsha wima, bila kuurusha. Hili lishike, maana nina hakika ndilo kosa lako la pili: mtu akinunua rili hutaka kuona inaimba, akarusha mbali katikati ya mkondo. Samaki wa gatini yuko chini ya viatu vyako. Nikashika mshipi kwenye kidole cha shahada. Tafi hagongi, hudonoa kama kuku, tik tik tik, na ukivuta kwa pupa umemnyang'anya chambo. Ngoja mshipi uende pembeni kidogo, kisha inua mkono tu. Changu hupiga mara mbili kwa uzito halafu anaondoka nacho. Bunju hana adabu: mshipi unakuwa mzito, kisha unakuwa mwepesi, ndoana imekwenda.

Kufika saa moja na robo nilikuwa na tafi saba na changu wawili. Mara simsim wakaruka juu ya maji kama mtu ametupa konzi ya shilingi. Hapo nikaacha boflo, nikachukua mshipi wa pili wenye simsim mzima na kipande kifupi cha waya mbele ya ndoana kwa sababu ya meno ya mzia. Akaja kolekole wa kama kilo mbili. Nilimfikisha chini ya gati na hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao nimewakanya wengine mara mia: nilikuwa nimeacha nyumbani wavu wa kuinulia, nikajaribu kumpandisha kwa mshipi mtupu. Samaki akiwa majini hana uzito. Akitoka tu, uzito wote uko kwenye mdomo wake. Alijipiga mara moja, mdomo ukachanika, akarudi zake. Tafuta kitanzi cha chuma, kishonee wavu, kifunge kamba ya pima tatu. Kitakugharimu kidogo kuliko rili yako.

Saa moja na dakika arubaini maji yakasimama. Majani yaliyokuwa yakielea yakawa hayajui yaende wapi, na samaki wakanyamaza kama wamezimwa. Wageni wengi hufunga safari hapo. Mimi nilimwita muuza kahawa, aliyekuwa akipita na dele lake, nikanywa vikombe viwili na kashata, nikahamisha vitu vyangu upande wa pili wa nguzo. Maji yakianza kutoka huelekea Ngomeni (Fort Jesus), na kile kiduara cha utulivu huhamia upande huo. Ukibaki ulipokuwa, chambo chako kitapeperushwa kama bendera na hakuna atakayekigusa. Nikapata changu mwingine na mzia mwembamba, na saa tatu kasoro mkondo ukawa mkali, nikakunja.

Sasa ndoana zako thelathini. Safari ijayo, mshipi ukirudi bila ndoana, usiutupe tena haraka. Tazama ncha yake. Ikiwa imekwaruzwa na kufumuka, ni jiwe au chaza. Ikiwa imekatwa safi kama kwa mkasi, ni bunju, maana meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku. Kwa bunju hakuna dawa ila kuhama nguzo. Wakishakusanyika mahali huvua wao, si wewe. Kwa mawe, badilisha unavyofunga. Nadhani chubwi lako liko juu na ndoana inaburura chini. Geuza: chubwi liwe mwisho kabisa, na ndoana itoke ubavuni, kama shibiri mbili juu yake, kwa tawi fupi la shibiri moja. Chubwi lifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Likinasa, vuta, uzi utakatika, ndoana na samaki watarudi. Tena usinunue machubwi ya risasi kwa kazi hiyo. Nenda kwa fundi wa magari, mwombe plagi kuukuu. Zinazama vizuri na hutalia ukizipoteza.

Ndoana zenyewe huenda ni kubwa mno. Kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo, jambo ambalo huwachanganya wanunuzi. Tafi ana mdomo mdogo kama kifungo cha shati, kwake chukua namba 12 au 14. Changu wa gatini namba 6 au 8. Fimbo yako baki nayo kwa kolekole, lakini kwa nguzo jitengenezee mshipi wa mkono. Nailoni ya milimita 0.40 inatosha, na chupa ya soda ni sahihi kabisa. Mkono unasikia mambo ambayo fimbo inayameza.

Kamba wa friza si mbaya, ila umtendee haki. Myeyushe kwa maji ya bahari, si ya bomba, mmenye ganda, mkate vipande vya ukubwa wa kunde, vinyunyizie chumvi ili viwe vigumu. Kamba mzima kwenye ndoana ni karamu ya bunju. Kipande cha ngisi hudumu zaidi na ndicho nikitumiacho maji yakiwa na nguvu. Kwa tafi sahau nyama. Anakula mwani, na akikubali kitu cha watu basi ni boflo lililokandwa na unga wa ngano mkavu kidogo, donge la ukubwa wa mbaazi.

Kuhusu bunju natumaini uliwarudisha majini. Sumu yake iko kwenye maini, mayai, ngozi na matumbo, na haiondoki kwa kupikwa wala kukaangwa. Humpooza mtu hadi pumzi. Asikudanganye mtu kwamba yeye ajua kumsafisha. Hongwe ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni. Tafi naye mapezi yake yana miiba yenye sumu, ingawa haiui. Ukichomwa, tumbukiza kidole kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kujiunguza, nusu saa au zaidi, na maumivu yatashuka; sumu ile huharibiwa na joto. Kipande cha mwiba kikibaki ndani, au mkono ukivimba, nenda hospitali usingoje kesho. Mimi hubeba chupa ya chai yenye maji ya moto kila safari, na watu hudhani ni chai.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji huwa mangavu na asubuhi hutulia. Ndiyo miezi yangu. Kusi likishika, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka, ingawa gati zilizo ndani ya mkono wa Tudor zina nafuu kuliko miamba ya Mama Ngina. Masika mvua ikinyesha sana, mito huteremsha udongo, maji huwa ya rangi ya chai ya maziwa, na tafi humwoni. Hongwe pekee ndiye hufurahi.

Usihame gati, hiyo yako inafaa. Ila usije ukashawishiwa kwenda kuvulia penye uzio wa bandari ya Kilindini au kwenye vivuko vya Likoni. Huko hakuna ruhusa, na meli haikwepi mshipi. Kaskazini, baharini mbele ya Nyali na Bamburi, iko Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986. Ndani ya ile sehemu ya hifadhi ya taifa hakuna kuvua hata kwa uzi wa kushonea. Kwingine, kabla hujatupa ndoana, salimia wavuvi wa hapo na uulize kikundi cha usimamizi wa ufuo kuhusu leseni na taratibu. Na yule mzee wako, kesho kutwa ukimkuta, mpe shikamoo kabla ya kutazama ndoo yake. Simama upande ambao mkondo unatoka kwake kuja kwako, na mpe nafasi, ili mshipi wako usipite juu ya wake. Ukimwuliza "leo mwezi ngapi, mzee?" atageuka akutazame vizuri.

Lile la mkeo sasa. Ana haki, na kosa si la mapishi. Tumbo la tafi limejaa mwani uliokwisha kuanza kuoza, na joto la Mombasa humalizia kazi. Ukimweka mzima ndoo kavu kuanzia saa moja hadi ufike Mikindani na foleni ya Makupa, harufu ya tumbo huingia kwenye nyama, na hapo hata ndimu kumi hazisaidii. Mpasue hapo hapo gatini, ndani ya nusu saa ya kumvua. Mshike kwa kitambaa ukimlaza miiba yake kwa nyuma, kata kuanzia tumboni hadi chini ya kidevu, toa utumbo wote pamoja na ile ngozi nyeusi iliyotanda ndani, suuza kwa maji ya bahari. Tandika barafu chini ya kikapu, lakini samaki asiogelee ndani ya maji ya barafu iliyoyeyuka. Nyumbani mkeo ampake chumvi, kitunguu thomu na ndimu, amchome kwenye makaa, kisha ammwagie tui zito lililochemshwa na pilipili na ukwaju kidogo.